Kilima Kisichokuwa na Njia

Nyumba yetu iliegemea kilima, nami nikaegemea nyumba. Miaka yote ya ujana wangu sikuwahi kukipanda kilima kile kupita pale mbuzi wanapochoka. Nilikijua kwa macho tu, kutoka kwenye mkeka wangu. Upande wa maawio ya jua palikuwa na miamba myeusi, mikubwa, imelala kama ng'ombe waliogoma kuhama, na juu yake nyani wakifokeana tangu alfajiri. Katikati ulipita mkanda wa nyasi ndefu zilizonizidi kimo. Juu zaidi, karibu na kilele, palikuwa na kichaka cha mikuyu ambacho hakikupoteza ukijani wake hata kiangazi kilipounguza kila kitu kutoka Sindeni hadi Makuyuni. Ukungu ulipoondoka kileleni, waliopanda walisema mtu aliiona milima ya Usambara yote ng'ambo ya mto. Niliwaamini. Kuamini hakuchoshi miguu.

Siku hizo nilikuwa na mke, na miaka yangu kadhaa ya shule ya Wadachi kule Tanga. Shule ile niliitumia kama fimbo ya mtu mwenye maringo, ya kunyooshea watu, si ya kutembelea. Palipokuwa na barua, nilisoma mimi. Palipokuwa na ubishi juu ya jambo lolote chini ya mbingu, niliumaliza mimi, nimeketi.

Ndipo akaja bwana mpima, Mdachi mrefu aliyebabuka pua kwa jua, na wapagazi wake, na mnyororo wa kupimia, na chombo cha miguu mitatu alichokichungulia kwa jicho moja. Alikuwa anakata mpaka wa shamba la mkonge. Watu wake walikuwa wamekwisha kupanga mafungu ya mawe yaliyopakwa chokaa, yakitokea upande wa Korogwe, na safu ile ilielekea moja kwa moja chini ya kilima chetu. Maana yake kilima chote kingebaki ndani ya shamba.

Jumbe wetu akamwambia kwamba juu kule kuna maji tunayokunywa. Bwana mpima alikijua Kiswahili vizuri. Akasema, "Ardhi inayotumiwa na watu naiacha. Isiyotumiwa ni ya serikali. Nionyesheni hayo maji."

Jumbe akageuka. "Nani anakijua kilima?"

"Mimi, bwana jumbe," nikasema.

Sijui nani aliusogeza ulimi wangu. Nadhani ni ile shule.

Tulipanda. Nilitangulia na kanzu yangu nyeupe kama bwana harusi, nikimweleza bwana mpima habari za miti niliyoijua na miti niliyoitungia majina hapo hapo. Nilichokuwa natafuta ni njia. Maji yanatekwa kila siku, nikawaza, na wanawake zaidi ya thelathini wanapita, lazima pawe na njia. Tukazunguka upande mmoja, tukarudi upande wa pili. Hapakuwa na njia. Hapakuwa na jani lililokanyagwa. Jasho likaanza kunitoka, na si la jua.

Tukaishia kwenye miamba ya nyani. Wakatutukana kwa lugha yao kisha wakahama. Nikajitupa juu ya rundo la majani makavu lililokuwa kwenye ufa wa mwamba, kanzu ikalowa nyuma, nikajua hofu imenishika kweli.

"Maji yako wapi?" akauliza bwana mpima.

"Labda... mwaka huu yamekauka, bwana."

Akatoa kitabu chake akaandika. Mimi ninayesoma barua za kijiji kizima nilikisoma kichwa chini kile alichoandika: hapana maji, hapana njia, hapana watu. Akafunga kitabu. Kesho, akasema, mafungu ya mawe yatamalizika kabla ya adhuhuri.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anapepeta mahindi. Nilimwambia. Ungo ukasimama hewani.

"Wewe ulikwenda kuonyesha maji," akasema taratibu. "Wewe."

"Mngenionyesha njia siku moja tu!"

"Mwanamume haonyeshwi."

Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa ameketi mlangoni akisuka ukili. Desturi yetu ya utani aliishika barabara. Mimi nilikuwa mume wake, na mke wangu mke mwenziwe. Akacheka bila furaha. "Mume wangu, umekunywa maji yangu tangu uote meno, na hata siku moja hukuuliza yanatoka wapi. Ulidhani yanazaliwa mtungini?"

Siku ile ndipo nilipoambiwa. Bibi alipokuwa kigori, watekaji watu walizunguka nchi hii wakiwinda wa kuwauza pwani. Hawakuwa na haja ya kuvamia kijiji. Waliitafuta njia ya maji, wakajificha kando yake, wakasubiri wanawake. Dada zake wawili walikwenda kuteka na hawakurudi. Tangu hapo wanawake wa kilima hiki waliiua njia. Kila mmoja alipanda kwa upande wake, akikanyaga jiwe hadi jiwe. Hapana aliyepita alipopita mwenzake jana. Juu hawakusema neno, na walipomaliza kuteka walifunika mahali pale kwa majani. Wanaume hawakuonyeshwa, kwa sababu mwanamume akikamatwa na kupigwa, husema.

"Na wengine hawahitaji hata kupigwa," mke wangu akaongeza, akinitazama.

"Bibi," nikamwambia, "kesho saa sita kilima kinakwenda. Tutakunywa wapi? Mto ni mwendo wa nusu siku."

Mkono wake ukaendelea kusuka. "Wale nao walikuja na mnyororo," akasema. Jioni ile sikula.

Asubuhi mke wangu alikwenda mwenyewe kwa bwana mpima, mtungi kichwani, mimi nyuma yake kama mzigo. Alimpandisha hadi kwenye mikuyu akirukaruka juu ya mawe, na bwana mpima, kwa buti zake, aliteleza mara mbili. Kule juu palikuwa na mwamba bapa uliofunikwa majani. Wapagazi chini walikuwa wakipakaza chokaa fungu la mwisho kasoro moja. Jua lilikuwa limekwisha kupanda sana.

"Naona majani," akasema bwana mpima.

Mke wangu hakusogea. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa na ruhusa ya kufunua. Alikuwa amemleta hadi hapo kwa ujasiri wake tu, na ujasiri umefika mwisho. Nikainama nifunue mimi.

"Ondoa mkono!"

Bibi alikuwa ametokea kati ya mashina ya mikuyu, anahema, fimbo mkononi. Sijui alipanda upande gani. Akayasukuma majani kwa fimbo. Maji yalikuwa pale, meusi, ya baridi, yanapumua polepole. Na ukingoni, kwenye jiwe gumu, palikuwa na vishimo saba vya mviringo, laini kama ndani ya bakuli. Bibi akachukua mtungi wa mke wangu akauweka kwenye kimojawapo. Kitako kiliingia kikatulia.

Bwana mpima akapiga goti. Akapitisha kidole ndani ya kishimo, akapima kina chake. "Mitungi ndiyo iliyochimba hivi?"

"Mitungi ya mama yangu na ya mama yake," akasema Bibi.

Bwana mpima akainuka, akajipangusa goti. Kisha akasema jambo lililotukata maini. "Nakubali, watu wanakunywa hapa. Lakini chemchemi itakuwa katikati ya shamba. Naweza kuchora njia ya kuifikia na kuwaachia. Njia iko wapi? Kisichokuwepo sikichori."

Bibi akatazama chini, nyasi zote zile, hazijaguswa. Aliilinda hali ile miaka yake yote. Kisha akauchovya mtungi majini. Akajitwika mtungi, umejaa, akashuka. Safari hii hakutafuta mawe. Alipita katikati ya nyasi, moja kwa moja, akiburuta miguu makusudi, nyasi zikilala kushoto na kulia kwake. Mke wangu akamfuata. Chini, wanawake waliotoka kuchungulia wakaona, wakaelewa, wakaleta mitungi yao. Walipanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila wimbo. Jua lilipofika kichwani palikuwa na njia nyekundu toka mikuyuni hadi uani kwetu, na bwana mpima akaichora, akaichomoa na chemchemi kutoka kwenye shamba kama mtu anayechomoa uzi kwenye nguo.

Maji yakabaki yetu. Bibi hakuipita njia ile tena. Aliendelea na mawe yake, pembeni, peke yake.

Miaka ikapita, vita vya wazungu vikafika kwetu. Askari hawakuuliza mtu maji yalipo. Njia iliwaambia. Walipiga kambi mikuyuni, wanaume walioonekana wakatwikwa mizigo, na nyumbu wao wa mizigo wakaingia chemchemini hadi magotini. Nilijifungia ndani, kazi ninayoiweza.

Lakini mtungi wetu haukukauka hata siku moja. Siku ya tatu sikustahimili, nikamuuliza mke wangu maji yanatoka wapi.

Alimtazama Bibi. Bibi akaguna. "Mwambie. Aliwahi kuyakalia."

Nikaikumbuka miamba ya nyani, na lile rundo la majani, na kanzu yangu iliyolowa.

"Nionyesheni basi njia," nikasema.

"Hapana njia," akasema Bibi, akanisukumia kata. "Kunywa, mume wangu, unyamaze."