Kisu Kilichoahirishwa Mara Mbili

Bi. Thoa amepika tofu hapa mtaani kwetu, mjini Nam Định, miaka thelathini. Subira ya kungoja maziwa ya soya yagande anayo. Ya kungoja watu hana.

Mwaka jana alikatwa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Mwaka huu picha zikaonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari wa upasuaji alisema bado yanakatika: kipande cha ini kitaondolewa, na kitakachobaki kitakua. Ila asichelewe.

Wakamchelewesha. Kwanza mumewe, Khải, baba wa mwanawe Duy, aliisogeza tarehe kwa siri, maana iliangukia siku ya tano ya mwezi mwandamo, siku ambayo hapa hata safari haianzwi. Tarehe mpya ilipofika, vipimo vya damu vikaonyesha ini limechokozwa.

"Umekunywa nini, mama?" daktari akauliza.

"Chai tu."

Chai hiyo wifi yake, Nhung, alikuwa akiichanganya na majani ya msituni bila kumwambia. Upasuaji ukasogezwa wiki tatu.

"Nimekuokoa, wifi," Nhung alisema bila haya alipogunduliwa. "Saratani ikiguswa na kisu hutawanyika. Si walikukata utumbo, ikahamia kwenye ini?"

"Ilishahamia kabla, ila haikuonekana! Daktari kakueleza mara ngapi? Au masikio umeyaweka ya kutundikia hereni?"

"Tunakupenda tu," Khải akanong'ona.

"Basi nipendeni kidogo kidogo. Mtaniua."

Wiki zile tatu alikula kwangu, akichemsha maji yake mwenyewe na kunichungulia hata mimi, jirani yake, nilipokoroga uji. Vipimo vikarudi vizuri.

Asubuhi ya upasuaji niliwasindikiza, hospitali ikataka sahihi ya ndugu. Khải akaishika kalamu, asiandike.

"Nhung anasema..."

"Ini ni la Nhung? Tia sahihi, Baba Duy."

"Na usipoamka?"

Bi. Thoa akasogea karibu naye. Nadhani hata yeye hakuwa ameona kwamba mwezi wote ule Khải hakuwa akiogopa kisu, bali nyumba isiyo na sauti ya mkewe.

"Nisipokatwa ndiyo siamki kabisa," alisema, taratibu sasa. "Andika."

Akaandika, jina likatoka nje ya mstari. Muuguzi akaitazama karatasi.

"Babu, rudia hapa."

"Hata hili mpaka mara mbili!" Bi. Thoa akafoka. Kisha akamshikia karatasi, isiteleze.