Sanduku la Jua na Tundu la Chini

Mtaani tulimwita Bwana Hewa, kwa sababu ukimsalimia asubuhi anakupa habari za hewa: ya moto hupanda, ya baridi hushuka, mpaka chai yako ipoe. Ni fundi bati. Mimi nakata vioo karakana ya jirani, kwa hiyo habari hizo nimezisikia zaidi kuliko mkewe.

Mwaka huo mama mkwe wake alihamia kwao. Kifua chake hakikutaka hata harufu ya mkaa, na chumba walichompa kilikuwa baridi kama sakafu ya bafu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, akasema wazi: kama chumba hakitapata joto ndani ya mwezi, atakuja na gari amchukue mama akae kwake, safari ya siku mbili. Mke akalia. Bwana Hewa akasema, "Niachieni mimi."

Akabuni sanduku la jua, refu kama mlango, akalifunga kwenye ukuta wa nje wa chumba kile, upande unaopigwa na jua. Ndani bati lililopakwa rangi nyeusi, mbele kioo changu, nyuma maranda ya mbao kuzuia joto lisitoroke. Ukutani akatoboa matundu mawili: la chini linavuta hewa ya baridi kutoka chumbani, la juu linairudisha ikiwa ya moto. Hakuna umeme, hakuna feni. Nilimwambia hayo ni mazingaombwe, akanuna.

Sasa sikia kizaazaa. Sanduku lilichoma, ukigusa kioo unarudisha mkono mbio. Lakini mama mkwe alitoka kila asubuhi na sweta mbili, akakaa ngazini kuota jua. Bwana Hewa hakuweza kuingia kuangalia. Chumba cha mama mkwe si mahali pa kuchungulia, na hata maneno yao yalipita kwa mke, kila mmoja akitazama chini.

"Mama anasema anashukuru sana, joto lipo," mke alileta jibu.

"Na wewe umeonaje?"

"Mimi natoka jikoni, mume wangu. Kila chumba nikiingia naona baridi."

Akapaka rangi upya. Sanduku likazidi moto, sweta zikabaki mbili. Akaja kwangu kuongeza kioo cha pili. Likazidi tena, na juu ya sweta ikaja shali. Akamtuma mke na kipimajoto alichoazima kwa muuguzi, maana ndicho kilichopatikana. Kikarudi kinasema thelathini na sita.

"Chumba cha thelathini na sita, mtu anavaa shali ya nini?" aliniuliza. Kumbe mama alikuwa amekiweka kwapani, akidhani mkwewe ana wasiwasi na homa.

Siku moja kabla ya gari kuja, alifika kwangu uso umemshuka. "Rafiki yangu, nimechanganyikiwa kweli. Nikilipasha moto zaidi, mama anaona baridi zaidi. Hewa ya moto imeacha kupanda?"

Hakuwa anatania. Nilimwonea huruma, nikafunga karakana, tukaenda kung'oa kioo.

Alipopitisha mkono kwenye tundu la chini akagusa kitu laini. Akavuta, ikatoka shuka nzito, imekunjwa vizuri na kushindiliwa. Tukatazamana. Kama hewa haipiti chini, cha kupanda juu kitatoka wapi? Joto lote tulikuwa tumelifungia nje, na sisi tunalichochea.

Upande wa pili wa ukuta sauti ikauliza, "Nani anachukua shuka yangu?"

Bwana Hewa akavua kofia utadhani anaonekana. Akamtafuta mkewe kwa macho, lakini mkewe alikuwa sokoni. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nisamehe. Usiku tundu hili linanipuliza miguu."

"Linapuliza, mama? Na jua limeshazama?"

"Linapuliza baridi. Nikaona nizibe tu. Ningekwambiaje, na jinsi ulivyohangaika?"

Alikaa chini. Usiku sanduku hupoa, hewa iliyomo hushuka, na njia yake ni tundu lile lile la chini, lililo usawa wa kitanda. Mtu aliyeufundisha mtaa mzima kwamba hewa ya baridi hushuka alikuwa amesahau kwamba kuna usiku.

Akakata kipande cha nailoni nyepesi, akakining'iniza kwenye tundu upande wa sandukuni. Hewa ikitoka chumbani kinainuka, ikitaka kurudi kinajibana na kuziba. Tukarudisha kioo, tukasubiri. Mkewe aliporudi alimkuta mumewe amesimama kando ya dirisha la mama, mgongo ukutani asije akaona ndani, akiuliza mwenyewe.

"Mama, joto limefika?"

Nikajua shukrani zile zile zinakuja.

"Bado, baba," mama akasema. "Mikono tayari. Miguu bado."

Bwana Hewa alifuta macho kwa kiganja chenye masizi. Sijawahi kuona mtu akifurahia "bado" kiasi kile.

"Na huyo mwanangu," mama aliendelea, "mpigieni simu asilete gari. Miguu nitaisubiri hapa hapa."