Jeki Chini ya Boriti ya Babu

Shangazi Asnath alirudi Kinampanda na gari-nyumba likivutwa na trekta, matairi mawili hayana upepo, na watu wakatoka madukani kumcheka. Mumewe, Laurian, alikuwa fundi magari Singida Mjini. Mzungu mmoja msafiri aliharibikiwa gia boksi, akamwachia lile gari lenye vitanda na jiko ndani. Laurian alipofariki, ndugu zake walichukua nyumba, wakachukua hata mlango wa banda la kuku. Gari waliliacha kwa sababu haliwaki.

Alilitengeneza mwenyewe. Paa lilikuwa linavuja kwenye maungio; akakata mpira wa ndani wa tairi vipande virefu, akavibandika kwa gundi. Sakafu iliyooza aliing'oa, akaweka mbao za kitanda chake cha ndoa.

"Kitanda cha watu wawili cha nini tena?" aliniambia, misumari mdomoni.

Lakini gari lilikuwa mahali pa kulala tu. Alichokitaka ni tembe la babu, lililokaa bila mtu miaka sita. Mdogo wake, Bonaventura, alikitaka kiwanja hichohicho ajenge fremu za maduka. Bonaventura ni baba yangu mzazi, na ninayaandika haya nikilijua hilo.

Ukoo ukakaa. Wazee waliogopa kumfukuza binti wa marehemu babu, wakaogopa pia kumkatalia baba yangu. Wakatoa hukumu ya waoga: nyumba ikivuka mvua, ni ya Asnath, ikianguka, kiwanja ni cha Bonaventura.

Paa la tembe ni udongo uliolala juu ya fito na boriti. Kila mwaka linapovuja, watu wetu huongeza udongo. Hakuna anayeondoa wa zamani. Paa la babu lilikuwa limebeba udongo wa miaka hamsini, na boriti ya kati ilikuwa imepinda kama mgongo wa punda mzee. Shangazi akapanda na jembe, akaanza kuushusha.

Siku ya pili baba akaja na binamu zake, Isaka na Melkiori.

"Shuka! Unabomoa nyumba ya baba!"

"Naipunguzia mzigo."

"Udongo huo baba aliupandisha kwa mikono yake."

"Angekuwa hai angeushusha kwa mikono hiyohiyo."

"Kwa mumeo kumekushinda, sasa umekuja kutuonyesha ufundi?"

"Mume wangu alikufa, Bona. Na wewe unaogopa nini, isije ikasimama?"

Isaka akapanda ngazi. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akampokonya jembe.

Waliurudisha udongo wote, wakaongeza ndoo arobaini juu yake, eti kumheshimu marehemu. Nilimwambia baba kwamba boriti haiwezi kubeba mzigo ule. Akanitazama kama anayemtazama mbwa aliyekojoa jikoni.

"Nimekusomesha chuo uje unifundishe paa?"

Alijua. Mtu asiyejua huuliza. Yeye alikuwa anahesabu nyufa.

Shangazi hakubishana tena. Alichukua jeki ya chupa, ile fupi nene ya kupampu, kutoka kwenye gari, akaiweka juu ya jiwe bapa katikati ya nyumba, nikamshikia gogo lililosimama juu yake hadi kwenye boriti. Wao wakimwaga juu, yeye akipampu chini. Udongo ulimwingia machoni, akaendelea. Boriti ikalia, kisha ikapanda vidole viwili.

Mvua zikaja Desemba. Jeki ilikuwa kuukuu na ilikuwa inashuka kidogo kidogo, kwa hiyo kila asubuhi alitoka kwenye gari, akaingia ndani ya tembe peke yake, akaipampu mara mbili. Nyumba ikafika Aprili, mwisho wa mvua, ikiwa imesimama.

Ukoo ukakaa tena, uani kwa tembe lile.

"Haijasimama hii," baba alisema. "Imesimamishwa na chuma. Aitoe jeki tuone."

Wazee wakatazama chini, kama kawaida yao.

"Nitaitoa," Shangazi akasema, akaegemeza ngazi ukutani. "Panda kwanza ushushe ndoo zako arobaini. Ukimaliza naitoa mbele yako."

Baba akaweka mguu kwenye ngazi. Vumbi likadondoka begani kwake kutoka kwenye fito. Akauondoa mguu.

"Si kazi yangu."

"Ulipokuwa unapandisha ilikuwa kazi ya nani?"

Bibi Cecilia, dada wa marehemu babu, hakuwa amesema neno tangu kikao cha kwanza, Septemba. "Bona," akasema, "unaogopa kuanguka nayo?"

Baba akajipangusa vumbi begani, Bibi akatikisa kichwa.

"Basi ulijua unachokifanya. Nyumba ni ya Asnath. Na ninyi wazee, mnyanyue nyuso zenu."

Baba alipita karibu yangu akaniambia nisikanyage kwake. Nikamwambia sikuwa na mpango huo.

Kesho yake mimi na Shangazi tulipanda na majembe. Tuliushusha udongo wiki nzima, tukabadilisha boriti, tukasimamisha nguzo mpya za mninga, tukaacha paa tabaka moja jembamba. Jeki ikarudi kwenye gari. Wazee wawili walikuja kutupongeza; Shangazi hakuwapa hata kigoda. Udongo wenyewe tuliumwaga mpakani na shamba la baba, ndani ya mpaka wetu, pale anapopita kila siku. Anauzunguka. Salamu hatoi, na sisi hatumdai.