Walinisiribia Sakafu, Nami Nikanyamaza

Nilikosa. Sitazunguka mbuyu. Nilikosa, nikajua nimekosa, kisha wiki tano nzima nikafunga mdomo. Jina langu sitoi, lakini watu wa Nakuru wakisoma hadi mwisho watanijua kwa koti. Basi na wanijue!

Usinihurumie, ndugu yangu. Wanaonihurumia wamenichosha. Wakiniona sokoni wanatikisa kichwa: "Masikini, yule ndiye aliyekuwa aende Ulaya." Wanadhani kosa langu ni kwamba nilisema. Hapana! Hebu keti nikueleze kosa lilikuwa lipi.

Mimi ni daktari. Nilisomea Kampala, nikarudi kwetu Nakuru, kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yangu ni mchochea moto wa gari la moshi. Kudunga sindano na kugawa dawa hakukunitosha. Nilitaka utafiti. Nikapata nafasi katika maabara moja ndogo, chini ya Mzungu mmoja ambaye nitamwita Bwana Mkubwa tu, nikapewa kazi ya homa ya papasi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama umekulia nyumba ya saruji, papasi humjui. Ni kupe mdogo wa rangi ya vumbi, anakaa ndani ya sakafu ya udongo na kwenye nyufa za ukuta. Watu wakilala anatoka, anafyonza damu, anarudi vumbini. Siku chache baadaye homa inakuangusha. Inaondoka, unashukuru Mungu, kisha inarudi. Na mwenye mimba akiipata, mara nyingi mimba inatoka. Hilo nililijua. Nilisomeshwa, nikapasi mtihani wake!

Dawa ya unga ya kumuua papasi ilikuwapo, ila haikutosha kufika kambi zote za wafanyakazi wa mashamba. Nikapata wazo. Karibu na Elementaita wanachimba udongo mweupe, mwepesi, mkavu sana. Nikasema, nichanganye dawa nusu na udongo ule nusu. Kifuko kimoja kitakuwa viwili! Wazo lilikuwa langu mwenyewe, na niliringa nalo kama jogoo.

Wakati huohuo likatoka tangazo la skolashipu. Si zile za watoto wa shule. Hii ilikuwa ya madaktari na watafiti wachanga waliokwisha kuhitimu: miaka miwili ng'ambo, ndani ya maabara kubwa, unakaa na mabingwa na kufanya utafiti wako mwenyewe. Walitaka kijana mmoja tu kutoka koloni letu. Na hadi siku hiyo hakuna Mwafrika wa kwetu aliyewahi kuipata.

Niliitaka, jamani. Niliitaka hata chakula kikawa hakishuki.

Nikaenda shamba moja la katani upande wa Solai. Nikachagua nyumba ishirini nikazitia unga wangu, na ishirini nyingine nikaziacha bila kitu ili nilinganishe. Kila baada ya wiki mbili nilirudi kuhesabu. Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa: unakwangua vumbi la sakafu kando ya ukuta na karibu na meko, unalichekecha, unalimwaga juu ya shuka jeupe juani, halafu unangoja. Kungoja ndiko kazi. Papasi akiguswa hujikunja akajifanya maiti. Ukiwa na haraka utasema wote wamekufa. Ukitulia, utaona mguu mmoja unatikisika.

Sasa sikia ujinga wangu. Kibali changu cha kuingia shambani hakikutaja siku, ningeweza kwenda siku yoyote bila kumwambia mtu. Lakini mimi nililelewa vizuri! Mtu haingii nyumba ya watu bila kutuma neno. Kwa hiyo kila mara nilimwambia nyapara wao, mzee Zakayo, "Waambie kina mama wa nyumba za unga nitakuja Alhamisi." Zile nyumba nyingine sikuzitumia neno, maana huko sikuwa nakaa kunywa chai. Nilichota vumbi langu nikaenda zangu.

Hesabu ikatoka nzuri ajabu. Nyumba zisizo na unga, papasi tele. Nyumba za unga, wawili hapa, mmoja pale, nyingine hakuna kabisa. Bwana Mkubwa akanipiga bega. Akaandika barua ya kunisifu, tukaituma pamoja na ripoti yangu. Baada ya miezi michache jibu likaja. Nimepata!

Kanisani waliniombea nikiwa nimepiga magoti mbele ya watu wote. Kina mama wakaninunulia koti zito la baridi ya Ulaya, lenye vifungo vikubwa vyeusi. Baba, mtu asiyecheka ovyo, alilivaa yeye kwanza akatembea nalo landi nzima, jua la saa nane linawaka, jasho linamtiririka.

Nikaona si vizuri kuondoka bila kuwaaga watu wa Solai. Nikachukua sukari na majani ya chai, nikaenda Jumamosi moja. Siku hiyo sikutuma neno.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Dorka. Ni mama wa Kibunyore, mumewe mkata katani, mama mwenye maneno mengi na mkono mkunjufu. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliponiona akasimama mlangoni akauziba kwa mikono miwili.

"Uwi! Dakitari, mbona hukutuma neno? Usiingie kwanza, nyumba iko chafu!"

"Mama, mimi si mgeni tena."

"Hapana, ngoja hapo kwa kivuli. Mavi ya ng'ombe iko hapa, nisiribe mara moja tu."

"Usijisumbue kusiriba kwa ajili yangu."

Akacheka. "Tangu lini? Zakayo akisema dakitari anakuja Alhamisi, sisi wote tunasiriba Jumatano. Chini, ukuta, mpaka uvungu wa kitanda. Wewe ni mgeni wetu. Mgeni atakaa kwa vumbi?"

Lo! Nyumba zote ishirini, kila Jumatano kabla sijafika, zilikuwa zikipakwa tabaka jipya la mavi ya ng'ombe na majivu kwa heshima yangu. Papasi walikuwa chini yake, wazima. Mimi Alhamisi nilikwangua usafi wa Jumatano, nikauita utafiti. Na zile nyumba nilizozivamia bila adabu ndizo zilizonionyesha ukweli.

Nikamsihi aniache niingie hivyo hivyo. Akakubali kwa shingo upande, akaenda kuchemsha chai. Nikakwangua, nikachekecha, nikatandaza shuka nyuma ya nyumba. Nikangoja. Mguu mmoja ukatikisika. Kisha mwingine. Halafu shuka lote likaanza kutembea! Nilihesabu thelathini na mmoja kutoka nyumba yenye unga wangu.

Mama Dorka akaja na kikombe. Nikalitikisa shuka haraka, wakajikunja wote wakatulia. Akainama kuwatazama.

"Wamekufa?" akauliza.

Ndugu yangu, hapa ndipo kosa lilipo. Hapa!

"Wamekufa, Mama," nikasema.

"Asante Yesu. Basi nitalala tu chini kwa mkeka. Kwa kitanda na hii tumbo sipati usingizi."

Nikanywa chai yake. Nikaimaliza, na sukari niliyoileta mwenyewe ndani yake.

Njiani nikajipangia maneno. Nikifika ng'ambo nitaandika marekebisho. Kule kuna vyombo bora. Dawa nusu ni bora kuliko bila dawa. Na pia, nikijitoa, nafasi atapewa nani? Unajua nilikuwa hodari kiasi gani wa kujijibu? Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Unga wangu ukaanza kupelekwa mashamba mengine kwa sababu ripoti yangu ilisema unafaa. Mimi nilikuwa najaribu koti.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki ya tano nikaitwa hospitali kusoma kioo cha damu cha mgonjwa aliyeletwa na trela ya shamba. Nikaweka jicho kwenye darubini. Vidudu vya homa ya papasi, vyembamba, vimejisokota kama uzi, vinacheza katikati ya damu. Nikauliza mgonjwa ametoka wapi. Solai.

Nikaenda wodini. Alikuwa Mama Dorka, amelala ubavu, ameutazama ukuta. Mtoto alikuwa amekwisha kutoka asubuhi ile, hai hakuwa. Nikasimama kando ya kitanda nikiwa na koti jeupe la hospitali na kalamu mfukoni, mimi mtu mkubwa!

"Dakitari," akasema polepole, "nilikuwa nataka kukuuliza. Ama ni mimi niliharibu dawa yako? Niliisiriba sana?"

Alikuwa ananiomba msamaha! Mwanamke aliyefiwa na mtoto kwa sababu ya uongo wangu alikuwa anatafuta kosa katika usafi wake. Ningeweza kutikisa kichwa tu, yakaisha pale. Skolashipu ingebaki yangu, naye angebeba lawama mpaka kaburini.

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi. Siku ile hawakuwa wamekufa. Niliwaona wakitembea kabla hujaja na chai."

Akageuka akanitazama. "Uliniambia wamekufa."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeona."

"Ndiyo, Mama."

Akarudisha uso ukutani. 

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Bwana Mkubwa na kumweleza yote. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema jambo kama hilo hurekebishwa kimyakimya, niende kwanza, niandike nikiwa huko. Nikakataa. Akavua miwani.

"Wewe ni wa kwanza," akasema. "Ukituma barua hiyo, watasema Waafrika hawawezi utafiti. Wa pili hatakuwapo."

Maneno hayo yalinichoma, maana yana ukweli ndani yake. Lakini hasira zilinipanda. Kwa hiyo mtoto wa Mama Dorka ndiye awe nauli ya heshima yetu? Nikamjibu, "Wa pili atajisemea mwenyewe, Bwana. Mimi naandika leo."

Nikaandika. Ukurasa mmoja na nusu, bila kuomba huruma. Nikawaandikia na wenye mashamba yote waliopewa unga wangu waache kuutumia, watu wainuke kwenye mikeka. Kisha nikaenda Solai, nikasimama mbele ya kina mama wa nyumba zote ishirini, nikasema kama nilivyokwambia wewe. Mmoja alitema mate chini. Alikuwa na haki.

Skolashipu ikafutwa. Maabara ikanitoa, nikahamishiwa zahanati moja huko Mau Narok, kwenye ngano na viazi, ambako baridi ya asubuhi inakata masikio. Angalau koti limepata kazi! Nalivaa kila siku. Watoto wananiita Ulaya. "Ulaya, shikamoo!" Naitikia.

 Baba aliniambia, "Ungesema siku ileile ya shuka, ningetembea na koti lile hata bila wewe kwenda."  Wenzangu niliosoma nao ndio wananiudhi. "Ungenyamaza tu, nani angejua?" Mimi nawauliza, Mama Dorka si mtu? Watu wa kambi si watu? Kwenu nyinyi jambo limejulikana pale tu wale wa ng'ambo wakilijua!

Sijutii barua hata nukta moja. Nikirudishwa pale nitaiandika tena, na kwa kalamu nzito zaidi. Ninachojutia ni kikombe cha chai na neno "wamekufa." Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua.

Siku zangu za mapumziko nateremka Solai. Sasa natia dawa kamili, isiyopunguzwa, ile ninayoipata kwa kuomba na kugombana na watu wa ofisi. Siagizi neno kwa Zakayo. Mara ya kwanza Mama Dorka alifungua mlango, akaniangalia na koti langu, akasogea kando.

"Ingia," akasema. "Nyumba iko chafu."

Chai hakunipa. Mpaka leo hajanipa, wala simdai.

Na tangazo limetoka tena mwaka huu. Ndiyo, nimeomba! Unashangaa? Fomu ina mahali pa kueleza kazi uliyoifanya inayoonyesha kwamba unafaa kuwa mtafiti. Nimeandika habari ya sakafu za Solai yote, pamoja na wiki tano. Wakitaka mtu asiyewahi kukosea, wamtafute. Mimi najua papasi anavyojifanya maiti, na najua mtafiti anavyomsaidia.

Wewe kijana uliyehitimu, unayelala ukiiota meli, nisikilize. Hesabu ikikupendeza mno, irudie. Usitume neno. Ingia siku ambayo hawakutarajii, keti, ngoja mguu utikisike. Ukitikisika, sema siku hiyohiyo, hata kama koti limekwisha kununuliwa.

Na wewe mama wa kambi, popote ulipo: ukisikia daktari anakuja Alhamisi, Jumatano pumzika. Mwache akute vumbi.