Maswali ya Daktari Mdomoni mwa Rispa

Mwaka wa 1964 zahanati yetu ya misheni, karibu na Migori, ilipata daktari Mzungu aliyetibu watu kwa maswali. Alikuwa nayo kitabuni, kwa Kiingereza, thelathini na sita. Mkalimani wake alikuwa Rispa, nesi Msabato kutoka kisiwa cha Takawiri. Mimi nilikuwa nafunga vidonda chumba cha pili, na ukuta ulikuwa wa mabati, kwa hiyo nilisikia yote.

Kwao Takawiri Rispa hakuwa amekanyaga kwa miaka saba. Mara ya mwisho mama yake alimpikia mumi, yule samaki asiye na magamba, naye akaisukuma sahani akisema Wasabato hawali najisi. Sisi wa misheni tulimsifu sana kwa msimamo huo. Mama yake hakuna aliyemuuliza.

Mgonjwa wa kwanza wa maswali alikuwa Mwalimu Javan, baba Mjaluo, mama Mkuria. Siku hizo wizi wa ng'ombe ulikuwa umezigombanisha pande hizo mbili, na walimu wenzake walipowatukana Wakuria, Javan alicheka kuwashinda wote. Kisha akaanza kusimama mbele ya darasa, chaki mkononi, bila kutoa neno. Mwalimu mkuu alimpa hadi mwisho wa muhula. Asipopona, kazi hana.

Daktari akafungua kitabu, akasema kwa Kiingereza chake cha puani ambacho sisi wa zahanati tu tulikuwa tumekizoea. "Muulize kama anamchukia mama yake."

Swali kama hilo kwetu huulizwa na mtu anayetafuta ngumi. Rispa akamgeukia Javan kwa upole. "Mwalimu, daktari anauliza, kwa kina mama yako ulikula lini mara ya mwisho?"

Javan akalia, mtu mzima na tai yake shingoni. Alisema hajaenda tangu mama azikwe. Kule wajomba watamwita mvulana kwa sababu, kama Wajaluo wengine, hakutahiriwa, na akirudi huku ataitwa Mkuria.

"Anasema hapana," Rispa alimwambia daktari, naye akaandika.

Baada ya maswali vikaja vidonge. "Mwambie ameze viwili kila siku."

"Daktari anasema umeze viwili kila siku," Rispa alimwambia Javan, "ila cha kwanza ukimezee kwa mjomba wako."

Javan akaenda Kehancha kwa mjomba wake, Mwikwabe. Mzee alimwita mvulana kuanzia mlangoni, kisha akamwekea ugali wa wimbi na maziwa lala, akamkataza kuondoka kwa siku tatu. Jumatatu Javan alifundisha hesabu mpaka kengele ikalia. Mwenzake alipoanza matusi yake, Javan alimwambia, "Hao ni wajomba zangu," akaendelea kusahihisha madaftari. Daktari akaagiza katoni nzima ya vile vidonge, akaandika kwao kwamba kitabu kinafanya kazi kwa watu wote.

Muhula ulipofungwa, Javan, kazi yake mkononi, alikuja barazani na kuku wa shukrani. Daktari alikuwa Kisumu tangu asubuhi.

"Sista, lile swali la daktari limenitoa mbali," alisema. "Na wewe je? Kwa mama yako ulikula lini mara ya mwisho?"

Rispa alimpokea kuku, akaanza kumfunga miguu, ingawa ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Ngoja kidogo, Mwalimu," alisema. "Daktari ananiita."