Makala Niliyoikata Katikati

Mimi ni wakili mjini Moshi, na asubuhi kabla ya kwenda mahakamani huandika kwenye blogu yangu ya sheria. Naandika chochote kinachonikera: mikataba ya upangaji, talaka, dhamana, polisi wanaopekua simu za watu. Mirathi ndiyo husomwa kuliko zote. Huku kwetu mlimani kila familia ina kihamba, shamba la migomba la ukoo, na sijaona kihamba kisicho na ugomvi.

Makala ya mirathi ilianza kunitoka ndefu. Nikaona wasomaji wataichoka kwenye simu, nikaikata sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilieleza mila: nyumba ya baba na kihamba chake humwangukia kitinda mimba wa kiume. Ya pili ingeeleza kwamba mahakama haipokei kila mila hivi hivi, na kwamba binti naye ana haki ya kudai. Chini nikaandika "itaendelea". Wiki ile nikabanwa na kesi. Iliyofuata nikaona uvivu, na siutafutii jina jingine.

Jumamosi moja nikiwa nakunywa chai nikafungua maoni ya wasomaji. Mtu ameandika: "Asante wakili. Tumeisoma kwenye kikao cha ukoo huku Kibosho, imetusaidia sana." Ameweka na picha. Makala yangu imechapwa karatasini, imelala juu ya meza, na kitambaa cha meza nakijua. Nilikinunua mwenyewe kwa ajili ya matanga ya babu.

Nikaiacha chai. Kwenye kihamba cha babu anaishi shangazi yangu. Alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, akamuuguza babu mpaka tulipomzika. Kitinda mimba ni baba mdogo, anakaa Arusha, na anakitaka kihamba chote. Kikao cha ukoo huandika muhtasari, wanafamilia husaini, kisha hupelekwa mahakama ya mwanzo. Niliomba kitu kimoja tu, shangazi asiwe amesaini. Nikampigia, hapatikani. Nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imeichimba njia, dereva akaenda polepole, nami nikamgombeza njia nzima kana kwamba ndiye aliyeandika ile makala.

Nilimkuta zizini anamkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Umesaini?"

"Nimesaini." Panga halikusimama. "Baba yako mdogo alisema sheria ndiyo hiyo. Nikakataa. Akatoa karatasi, akaisoma, jina lako liko juu. Nikaona basi, kama umeandika wewe, mimi nitabishana na nani?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Ile ni nusu, shangazi. Nusu ya pili, inayokutetea wewe, sijaiandika."

"Kwa nini?"

Nikasema kazi zilinizidi. Aliniitikia kwa upole, na ule upole uliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilitamani anifokee, nipate cha kujitetea.

Usiku sikulala. Jumapili baada ya misa nikarudi na pingamizi la mahakamani, kurasa mbili. Linasema alisaini kwa kupotoshwa na makala isiyokamilika, na mwandishi wa makala ni mimi. Muhtasari umeshafika mahakamani, na kesi inatajwa Jumanne. Bila sahihi yake kwenye pingamizi, kihamba kinaondoka na yeye hana pengine pa kwenda. Nilimweleza yote hayo haraka haraka, nikimnyooshea kalamu.

Shangazi alijifuta mikono kwa kanga, akapokea karatasi, akazishika mbali na macho. Alisoma taratibu ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Kisha akageuza ule wa mwisho, akatazama nyuma yake, ambako hakukuwa na kitu.

"Na hii," akaniuliza, "imeisha?"