Leo Mama Hakuimba Kwenye Kona

Mama yangu leo amelala usingizi ndani ya gari langu.
Wanaomjua wakae chini kwanza.

Hili gari mnalijua. La spoti, milango miwili, liko chini kama limechuchumaa. Kila kona linataka kwenda porini, na mama kwa hofu huwa anaimba nyimbo za kanisani toka Makambako hadi Njombe, mkono mmoja kwenye dashibodi.

Leo nimelipeleka alaimenti, Makambako. Fundi akasema tushuke anyooshe matairi.
Mama akagoma. Upepo wa baridi wa pale mnaujua, na yeye kashajifunika blanketi.
"Mimi sishuki. Fanyeni kazi yenu."
Nikaona aibu, nikaanza kumbembeleza.

Fundi akacheka. "Huwa anapanda humu?"
"Kila Jumamosi."
"Basi akae, na wewe kaa kwenye usukani. Nalipima na uzito linaoubeba barabarani."

Akaingia kwenye shimo la gereji chini yetu, anazungusha spana, anachungulia mashine ya kupimia, anarudi. Mama juu yake ametulia kama bibi harusi.

Jamani, wakati wa kurudi.
Kona ya kwanza, gari limeifuata barabara lenyewe. Halivuti, halitetemeki. Ya pili, mikono imelegea kwenye usukani.
Nikasubiri wimbo.
Hauji.
Nikageuka. Mama anakoroma.

Sasa nimeegesha nje kwake. Ameamka, ameiangalia nyumba yake, amejifunika tena.
"Zunguka kidogo kwanza," kasema.

Watu wa Njombe, nitajieni barabara yenye kona nyingi.